Kuizunguka Dunia: Hesabu ya Safari Huanzia Nyumbani

Hapana shaka, ndugu msomaji, umepata kumwona kijana amesimama mbele ya ramani ya dunia. Kidole chake hutoka Mombasa au Dar es Salaam, kikapita Bara Arabu, kikavuka Ulaya na Bahari ya Atlantiki, kikaingia Marekani, kikaikata Bahari ya Pasifiki, kisha kikarejea kwa njia ya Indonesia na Bara Hindi hata pale pale kilipoanzia. Kidole huimaliza safari hiyo kwa muda wa kuvuta pumzi, wala hakilipi nauli. Mwenye kidole ndiye atakayelipa, na mara nyingi halipi peke yake. Hulipa pamoja naye mama aliyebaki, mke anayengojea barua, na watoto ambao ada zao za shule hazijui kwamba baba yumo safarini.

Shauku ya kuiona dunia si jambo la kulaumiwa. Kurani Tukufu imewahimiza watu mara nyingi watembee katika ardhi watazame na wazingatie. Wala safari yenyewe siku hizi si muhali kama ilivyokuwa. Mzunguko wa dunia katika mstari wa Ikweta ni kama kilomita 40,075, na tangu mwaka 1947, shirika la ndege la Pan American lilipoanza kuchukua abiria kuizunguka dunia, njia hiyo imekuwa wazi kwa kila mwenye nauli. Shirika lile lilikufa mwaka 1991, lakini njia haikufa. Basi neno letu leo si kuwazuia vijana. Tunataka kuwaonyesha namna ya kupiga hesabu, kwa kuwa wengi waliokwama ugenini hawakukwama kwa kukosa ushujaa. Walikwama kwa kuanza hesabu mahali pasipostahili.

Kijana huuliza, "Nahitaji fedha kiasi gani?" Swali hilo ni jema, ila si la kwanza. Swali la kwanza ni hili: "Nikiondoka, ni nani atakayebaki akinitegemea, na atakula nini mpaka nirudi?"

Kanuni tuliyo nayo tangu zamani

Twashangaa kuona watu wakitafuta mbali elimu ya kukadiria gharama za safari, hali vitabu vyetu vya fikihi vimekwisha kuiandika katika mlango wa Hija. Hija ni wajibu kwa mwenye uwezo, na wanazuoni hawakuliacha neno hilo "uwezo" lielee hewani. Walilipima. Walisema ni kupata masurufu na kipando, vya kwenda na vya kurudi. Na fedha hiyo iwe imezidi baada ya kuondoa madeni ya mtu, na baada ya kuwawekea matumizi wale wanaomtegemea kwa muda wote atakaokuwa hayupo. Tazama, ndugu msomaji, jinsi mpango ulivyo kamili. Madeni kwanza, kisha wa nyumbani, kisha njia ya kwenda na kurudi. Kinachobaki ndicho cha safari.

Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakidai kuwa wao ni wenye kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na walipofika Makka wakawa wanawaomba watu. Ndipo ilipoteremka ile aya ya 197 ya Sura ya Baqara inayowaagiza wasafiri wachukue masurufu, na kuwakumbusha kwamba masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Kumbe kuondoka mikono mitupu na kuita jambo hilo tawakkul si jambo jipya, na lilikwisha kurekebishwa zamani. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale ambao chakula chao ki juu yake.

Hapa pana jambo jingine ambalo lazima lisemwe wazi. Mtu akikaa akapiga hesabu, akaona kwamba anayo nauli ya kuizunguka dunia nzima, basi ajue kwamba hesabu hiyo hiyo imethibitisha kuwa anao uwezo wa kwenda Makka. Wanazuoni wamekhitilafiana kama Hija yaweza kucheleweshwa na mwenye uwezo au haiwezi, lakini hakuna aliyesema kuwa yaweza kusahauliwa. Atakuwa na udhuru gani aliyepita juu ya Jidda kwa ndege akaenda kutazama maporomoko ya Niagara, naye hajaitimiza nguzo ya tano? Kwa hiyo asiyehiji na aianze ramani yake kwa Hija, na ajue kwamba Hija ina msimu wake, vibali vyake na nafasi zilizogawiwa kila nchi. Haiwezi kuchomekwa njiani kama anavyochomeka mtu siku mbili za kutembelea soko.

Wasafiri wawili na hesabu zao

Aliyeanza kwa Hija ni Ibn Battuta. Alizaliwa Tanja, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304, na mwaka 1325 alitoka kwao peke yake akiwa na umri wa miaka 21, nia yake ikiwa ni kwenda Makka. Hakurudi Moroko ila mwaka 1349. Katika muda huo aliiona Misri, Sham, Iraki, Yemen, Bara Hindi, visiwa vya Maldives na nchi za mbali zaidi. Na mwaka 1331 hivi alifika pwani yetu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa, ambako sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abul-Mawahib kwa ajili ya ukarimu wake.

Je, fedha za miaka 24 alizipata wapi? Masurufu yake makubwa yalikuwa elimu na ukarimu wa watu. Alikuwa mwanafunzi wa sheria, na kwa elimu hiyo alipewa ukadhi Delhi na baadaye Maldives. Njiani alipokewa katika zawia na katika majumba ya wakubwa. Alipoeleza habari za Damascus alitaja wakfu zilizowekwa kwa ajili ya wasafiri, ambazo kutokana nazo mgeni alipewa chakula, nguo na gharama za kumfikisha kwao. Lakini hata yeye alijikwaa. Huko Delhi alikopa kwa wafanyabiashara ili ampelekee sultani zawadi kubwa kubwa, kwa kutaraji kwamba atarudishiwa kubwa zaidi, na deni lake likafika dinari 55,000. Lau sultani asingemlipia, huenda habari zake zingekoma katika mlango wa kadhi, naye akiwa ni mdaiwa.

Msafiri wa siku hizi asijidanganye kwamba atasafiri kama Ibn Battuta. Zawia ile haipo kila njia panda, na afisa wa mpakani haulizi kama unajua sheria. Huuliza karatasi ya benki, mahali utakapolala, na tikiti ya kurudi.

Wa pili ni Ferdinand Magellan, Mreno aliyeutumikia ufalme wa Hispania. Tarehe 20 Septemba 1519 aliondoka Sanlúcar de Barrameda na merikebu tano zenye watu kama 240, akiwa na vyakula vilivyokadiriwa kutosha kama miaka miwili. Safari ilichukua karibu miaka mitatu. Merikebu iliyokuwa kubwa kuliko zote, San Antonio, iliasi mwaka 1520 wakiwa katika mlango wa bahari wa kusini mwa Amerika, ikarudi Hispania pamoja na sehemu kubwa ya akiba. Waliobaki waliingia Bahari ya Pasifiki Novemba 1520 bila ya kujua upana wake, wakakaa zaidi ya siku 90 hawapati chakula kipya. Walikula ngozi za kamba za merikebu, unga wa mbao na panya, na wengi wakafa kwa ugonjwa wa kiseyeye. Magellan mwenyewe aliuawa Mactan, katika nchi inayoitwa leo Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Merikebu moja tu, Victoria, ikiongozwa na Juan Sebastián Elcano, ilifika kwao tarehe 6 Septemba 1522, na ndani yake mlikuwa na watu 18. Karafuu ilizozibeba kutoka visiwa vya Maluku zilitosha kufidia gharama za safari. Basi katika daftari la wafanyabiashara, safari ile haikula hasara. Katika nyumba za wale waliokufa hesabu ilikuwa nyingine kabisa.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, muda uzidishapo, kila kitu huzidi. Kwa hiyo akiba ya dharura si anasa. La pili, hesabu ya fedha yaweza kuwa sahihi na safari yenyewe ikawa msiba.

Tikiti na upande wa kuelekea

Sasa tuje katika siku zetu. Miungano ya mashirika ya ndege, kama vile Star Alliance ulioanzishwa mwaka 1997 na oneworld ulioanzishwa mwaka 1999, huuza tikiti maalumu ya kuizunguka dunia. Masharti yake kwa jumla ni haya: uelekee upande mmoja, mashariki au magharibi, bila ya kurudi nyuma kutoka bara hadi bara; uvuke Atlantiki na Pasifiki; umalizie katika nchi ulikoanzia; usizidi mwaka mmoja; na safari za ndege zisizidi 16. Bei hupimwa kwa maili au kwa idadi ya mabara, na hutofautiana kwa nchi unakoanzia. Kabla ya kuinunua, linganisha na bei ya tikiti moja moja. Tikiti ya jumla humfaa mwenye kuijua njia yake. Tikiti moja moja humfaa mwenye kupita nchi kavu kwa gari moshi na basi.

Wazee wetu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo la majira. Majahazi yalishuka na kaskazi na kupanda na kusi; na aliyekosa kusi alikaa bandarini miezi mingi akila faida yake. Ndivyo ilivyo hata leo. Atakayeingia Ulaya au Japani katika Januari atanunua makoti na viatu ambavyo hakuvitia katika hesabu. Na atakayefika nchi za watalii katika likizo zao atalipia chumba kile kile maradufu. Panga njia kwa kufuata hali ya hewa, nawe utakuwa umepunguza mzigo wa begi na wa mfuko pia.

Liko na jambo la siku. Abul-Fida, mwanachuoni na mtawala wa Hama huko Sham, aliyefariki mwaka 1331, aliandika kwamba mwenye kuizunguka dunia hana budi kupungukiwa na siku moja au kuongezewa siku moja, kwa kadiri ya upande anaoelekea. Karibu miaka 200 baadaye mabaharia wa Victoria walifika visiwa vya Cape Verde, wakastaajabu kukuta kwamba kwao ni Jumatano na kwa wenyeji ni Alhamisi. Leo mstari wa tarehe umo katikati ya Pasifiki. Aondokaye Los Angeles usiku wa Alhamisi kwenda Auckland hushuka asubuhi ya Jumamosi, na Ijumaa yake imempita hewani. Mwenye kuelekea mashariki huikuta tarehe ile ile mara mbili. Mwislamu na aliangalie hilo kwa ajili ya Ijumaa na Ramadhani yake, na aliangalie pia kwa ajili ya fedha, kwani wengi wamelipia chumba kwa tarehe ambayo hawakuwako.

Pasi, viza na chanjo

Msafiri wa Afrika Mashariki ana gharama ambayo Mzungu hulipa kidogo au halipi kabisa, nayo ni viza. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huzitembelea nchi zenziwe nyingi bila ya viza. Lakini akitoka nje ya hapo, mara kwa mara ataombwa ada, picha, karatasi za benki, na pengine kwenda mwenyewe kwenye ubalozi uliopo katika mji mwingine. Ada hiyo hairudishwi unyimwapo. Kwa hiyo katika hesabu andika ada zote, kisha ongeza nauli za kwenda ubalozini na nafasi ya kunyimwa angalau mara moja.

Viza ya Schengen, inayofungua nchi nyingi za Ulaya, humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na humtaka awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Katika Marekani hata mwenye kubadili ndege tu hana budi kuwa na viza, ijapokuwa hatatoka nje ya kiwanja. Nchi nyingi hutaka pasi yenye miezi sita mbele yake. Na viza nyingi huanza kuhesabiwa mwisho wake tangu siku zitolewapo. Basi atakayezipata zote kabla ya kuondoka huenda akazikuta za mwisho zimekwisha kufa. Yampasa ajue mapema zipi atazipata nyumbani na zipi njiani.

Kuhusu afya, cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mara nyingi kwa atokaye katika nchi zetu. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote, kwa hiyo asilipe mara mbili mwenye cha zamani. Bima ya matibabu isiachwe kwa kubana matumizi. Mguu uliovunjika katika nchi ya ghali waweza kula akiba ya miaka.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kijana mmoja anayekusudia kusafiri siku 240, yaani miezi minane. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, tena kwa dola, kwa kuwa viza na tikiti nyingi hulipwa kwa fedha hiyo. Kila mtu aweke zake kwa bei za siku yake.

Siku 150 katika nchi za bei nafuu, kwa dola 30 kila siku: 4,500.
Siku 60 katika nchi za kati, kwa dola 60: 3,600.
Siku 30 katika nchi za ghali, kwa dola 110: 3,300.
Nauli za ndege za mzunguko: 5,000.
Pasi na viza: 1,000.
Bima na chanjo: 900.
Nguo, begi na vifaa: 500.

Jumla ni dola 18,800. Ongeza sehemu moja katika kumi kwa dharura, yaani 1,880, inakuwa 20,680. Wengi huishia hapo na kusema, "Nimemaliza." Bado. Andika matumizi ya nyumbani, tuseme dola 300 kila mwezi kwa miezi minane: 2,400. Kisha andika miezi mitatu baada ya kurudi, kabla hujapata kazi tena: 900. Jumla ya kweli ni dola 23,980.

Itazame hesabu hii, utaona siri yake. Kinachokula fedha si maili. Ni siku, na hasa mahali siku hizo zinapopitishwa. Ukiziondoa siku 20 katika nchi za ghali ukazipeleka katika nchi za bei nafuu, umeokoa dola 1,600 bila ya kupunguza hata siku moja ya safari. Utagombana na wachuuzi mara ngapi juu ya bei ya chungwa mpaka uokoe kiasi hicho? Kadhalika, mwenye kwenda pole pole hutumia kidogo, kwa kuwa chumba cha mwezi ni rahisi kuliko vyumba vya siku moja moja, na mwenye jiko hujipikia. Kwa Mwislamu jiko lina faida mbili: humhifadhi na chakula chenye shaka, na humhifadhi na gharama za mkahawa.

Wakisafiri wawili au watatu, chumba na jiko hugawanywa. Lakini wafuate mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba watu watatu wasafiripo wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi, na wawe na daftari moja la matumizi linalosomwa kila usiku, kwani urafiki wa miaka mingi umevunjika kwa bili isiyoandikwa. Na ikiwa ni binti anayesafiri, suala la mahram liamuliwe nyumbani kabla ya kununua tikiti, maana likiamuliwa hivyo, hesabu ni ya watu wawili tangu mwanzo.

Fedha hizo zitatoka wapi?

Dola 23,980 si kitu kidogo. Atakayeweka dola 500 kila mwezi atazipata baada ya miaka minne. Atakayeweka 250 atangoja miaka minane. Tena asisahau kwamba aweka shilingi na atatumia dola. Thamani ya shilingi huenda ikashuka wakati akiba yake inapanda, basi hesabu na ipigwe upya kila miezi sita.

Kwa jamaa nyingi zetu, fedha hizo ni nyumba. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwenye haraka hutafuta njia ya mkato. Mmoja huuza kiwanja cha urithi ambacho ndugu zake wana fungu ndani yake. Mwingine hukopa kwa riba, kisha akarudi na picha elfu moja na deni linalokua kila mwezi. Mwingine huondoka na nusu ya fedha kwa kudhani kwamba nusu ya pili itapatikana kwa kazi huko aendako, hali viza yake yakataza kazi. Na akikamatwa hufukuzwa, na jina lake huandikwa mahali ambapo halifutiki upesi. Hizi si hesabu za safari. Ni kumwekea mwingine rehani bila ya idhini yake.

Ikiwa fedha hazitoshi, punguza safari. Usipunguze haki za watu. Dunia haiondoki. Kijana aweza kuanza na nchi za Jumuiya yetu kwa basi, treni na meli, bila ya gharama ya viza: aione Kampala, aione Kigali, aende Kigoma kwenye ziwa Tanganyika, arudi kwa njia ya Kilwa ambako Ibn Battuta alifika. Mwezi mmoja wa namna hiyo utamfundisha kama anao mwili na moyo wa kusafiri miezi minane, na utamfundisha kutunza daftari. Aliyeshindwa kuandika matumizi ya wiki nne nchini hawezi kuyaandika ya nchi ishirini.

Gharama isiyoandikwa

Tumeandika nauli, viza, bima na matumizi ya nyumbani. Imebaki gharama moja ambayo hatukuipatia mahali katika orodha.

Ibn Battuta alipofika Damascus mwaka 1348, akiwa njiani kurudi, alikutana na mtu wa kwao akamwuliza habari za nyumbani. Akaambiwa kwamba baba yake alifariki miaka 15 iliyopita. Alikuwa yatima kwa miaka 15 bila ya kujua. Akaendelea na njia yake, na mwaka uliofuata, akiwa amekwisha kuingia nchi ya Moroko na bado kidogo afike Tanja, akapata habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Alikuwa amevuka bahari na majangwa, ameonana na masultani, na mama aliyemwacha mzima alimkosa kwa muda mfupi tu. Alikwenda kulizuru kaburi lake.

Leo simu huvuka bahari kwa nukta moja, na kijana aweza kumwona mama yake kila usiku. Hiyo ni neema kubwa. Lakini simu haimpeleki mgonjwa hospitali, wala haishiki ubao wa jeneza. Ndiyo maana wanazuoni wakasisitiza sana ruhusa ya wazazi katika safari isiyo ya faradhi, na Mtume (s.a.w.) akaifananisha safari na kipande cha adhabu, akamwelekeza msafiri aharakishe kurudi kwa jamaa zake amalizapo haja yake. Basi katika hesabu yako weka tikiti ya kurudi wakati wowote, na fedha yake usiiguse, hata kama ni kwa ajili ya mji ulioutamani tangu utotoni. Asiye na fedha hiyo mkononi asiondoke.

Na ninyi wazazi, kijana wenu ajapo na ramani msimcheke, wala msimjibu kwa hasira. Kaeni naye usiku mmoja baada ya Isha na karatasi tatu. Katika ya kwanza yaandikwe madeni yake. Katika ya pili waandikwe wanaomtegemea na matumizi yao mpaka siku ya kurudi. Katika ya tatu iandikwe njia yake, kwa siku na kwa bei. Zikijazwa zote tatu na fedha ikabaki, mpeni ruhusa na dua, na mwende naye hadi kiwanja cha ndege kwa furaha. Zisipojaa, yeye mwenyewe ataona wapi pamepungua, nanyi hamtakuwa mmemkataza, hesabu ndiyo itakayosema, "Ngoja kidogo."

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu safari zenye heri, awarejeshe wakiwa salama, na awakutanishe na waliowaacha wakiwa wazima. Amin.